Kwa Stasia, Unayekwenda kwa Wazamishaji

Stasia mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuagiza yote ya jikoni, ya vyombo, na namna ya kumwamkia mama mkwe. Shangazi zako wamekuagiza yale ambayo baba hapaswi kuyasikia. Mimi sina agizo. Nilichonacho ni hasira, na nimekaa kuiandika mchana huu, wakati wao wako uani wanamenya ndizi za wageni wa kesho, kwa sababu kila nikifungua mdomo sauti yangu inapanda, wewe unainamisha kichwa, mama yako anaanza kulia, na maneno yanaishia hapo.

Basi nianze na lile unalolijua. Siwapendi Wazamishaji. Sikuwapenda walipokuja Rau ukiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, siwapendi leo, na kesho ukiteremka kwenda Masama kuolewa na mwalimu wao, sitaanza kuwapenda ili harusi ipendeze. Jina hilo ni la kejeli, najua. Wamepewa kwa sababu ya kuwazamisha watu mtoni wanapowabatiza. Wenyewe wanajiita Watu wa Kusanyiko. Mimi nitaandika Wazamishaji, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuwaita, na barua ni yangu.

Lakini jana nilimsikia shangazi yako mkubwa akikwambia: "Wakikuingiza majini, mwanangu, shika pumzi na uombe. Kila mwaka lazima mto upewe mmoja." Nikakuona umeacha kupepeta, ungo bado uko mikononi. Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Ukienda kwa watu hawa, nataka uende ukijua kitu cha kuogopa ni kipi. Alichokwambia shangazi ni uongo, na katika Uru yote, kati yetu tusio Wazamishaji, mimi ndiye ninayeweza kukwambia hivyo bila kubahatisha. Nilikuwapo.

Nianzie kwa baba yako mdogo, Melkiori, ambaye umekua ukiambiwa usipite kwake. Melkiori ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Kwa desturi yetu yeye ndiye aliyepaswa kubaki kwenye kihamba cha baba, kuitunza migomba ile na kuzeeka na mama. Alikuwa mlevi. Simsemi vibaya, hata yeye husema hivyo mbele za watu, na tena kwa sauti. Alikuwa akitoka kwenye pombe ya mbege asubuhi, si jioni, na mara mbili tatu nilimwokota kwenye mfereji akiwa amelala na maji yanapita juu ya miguu yake.

Kisha akaja Rau mhubiri mmoja anaitwa Yeremia, fundi wa kujenga kuta za mawe, mtu mrefu mwenye sauti nene, ametoka upande mwingine wa mlima. Akajenga kibanda karibu na mto akaanza kuhubiri. Melkiori alikwenda kumcheka. Hakurudi kucheka. Akaacha pombe.

Watu walisema amenyweshwa dawa, kwamba Wazamishaji wana mzizi wanaouchemsha, na ukishaunywa, mbege inageuka damu mdomoni. Uongo wa kwanza huo. Mimi nililala naye chumba kimoja siku zile alipoacha. Alitetemeka kama mtu wa malaria. Alitapika. Alinishika mkono akasema, "Kaka, nifunge kamba." Hakukuwa na mzizi wala dawa. Ilikuwa ni yeye na meno yake, ameyakaza mpaka ilipopita. Nilimwona, na niliona fahari juu yake, fahari ambayo sijawahi kumwambia.

Wakasema pia kwamba kule kibandani wanabadilishana wake, ndiyo maana wanafunga mlango. Siku moja nilikwenda kumtafuta Melkiori nikaingia bila kubisha. Nilikuta watu wamekaa kwenye magogo wanalia. Mzee mmoja, simtaji, alikuwa amesimama anasema mbele ya wote kwamba aling'oa usiku sale zilizooteshwa kuwa alama ya mpaka, akazipanda ndani ya kihamba cha jirani yake. Kesho yake alikwenda na jembe akazirudisha, mchana kweupe, jirani akiwa ameduwaa mlangoni. Hayo ndiyo mambo ya kibandani. Kwangu mimi ni kukosa adabu; mtu humwambia padre dhambi zake pembeni, hazianiki kama kahawa juani. Lakini ni kukosa adabu tu. Uzinzi sikuuona.

Na usisikilize wanaosema hawabatizi watoto kwa sababu wamewaahidi kwa shetani. Mtoto wao akizaliwa wanamwinua juu, wanamwombea, kisha wanamngoja akue aombe maji mwenyewe. Mimi naona ni sawa na kumwacha mtoto nje bila blanketi mpaka ajue neno blanketi. Nilimwambia Melkiori hivyo hivyo. Akacheka. Tulikuwa bado tunacheka pamoja siku zile.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniuma.

Babu yako alipofariki, ukoo wote ulikusanyika. Padre alikuja, Misa ikasomwa, tukamzika. Baadaye wazee wakatoa mbege kama ilivyo desturi, wakamimina kidogo chini, kibuyu kikapita kwa wanawe. Kilipofika kwa Melkiori alikipitisha bila kukigusa. Hilo tungelivumilia, kila mtu alijua ameacha. Lakini mzee mmoja akamwambia, "Basi mimina tu, umpe baba yako." Naye akajibu, mbele ya wageni wote, mbele ya mama: "Marehemu hanywi."

Maneno mawili. Mama yetu aliinuka alipokaa, akamwambia atoke kwenye kihamba kile asirudi. Akatoka. Akajenga kwake Rau, karibu na Yeremia.

Mama alikaa na hasira yake mpaka masika yakaisha. Kisha asubuhi moja akaniita, na mkononi alikuwa na jani la sale, amelifunga fundo. Unajua maana yake, umekua ukiyaona haya. Mtu akikuletea jani la sale amekuja kuomba amani, na hata kama alimwaga damu ya ndugu yako, hulikatai. Mama kumpelekea mwanawe wa kumzaa ni jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mkubwa hamwinamii mdogo. Lakini mama alimwinamia. Akaniambia, "Mpelekee. Mwambie nyumba ni yake."

Nikateremka mpaka Rau. Nilimkuta Melkiori anapasua kuni. Nikampa jani, nikamwambia maneno ya mama. Aliliangalia sana. Machozi yalimtoka, siwezi kusema hayakumtoka. Kisha akanirudishia.

"Kaka," akasema, "mwambie mama nimemsamehe, naye anisamehe. Nampenda. Nitakuja kumlimia. Lakini jani hili ni mambo ya mizimu. Siwezi kulipokea."

"Melkiori, ni mama."

"Najua ni mama."

"Lipokee, ulitupe nikishaondoka. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," akasema.

Stasia, nilipanda mlima mzima na jani lile mkononi. Kila niliyekutana naye njiani aliliona, na kila aliyeliona alielewa. Nilipofika, mama alikuwa amekaa mlangoni na nguo yake ya kanisani, amejiandaa kumpokea mwanawe. Nilimpa. Akalichukua akaingia ndani. Hakuniuliza amesema nini.

Hapo ndipo nilipoanza kuwachukia, na ukiniuliza sababu naweza kukuonyesha mahali na siku. Hawakumtia Melkiori wazimu wala hawakumroga. Walimfundisha kwamba jani ni jambo kubwa kuliko mama yake, na yeye, kwa kuwa ni mwaminifu kwa kila anachoshika, akashika hilo.

Sasa Veronika.

Veronika alikuwa binti wa jirani yetu Kasiani, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Msichana wa umri kama wako leo, mwenye kicheko cha kusikika mbali. Wakati vijana wetu waliporudi kutoka kwenye vita vya Waingereza, alianza kwenda Rau kusikiliza mahubiri, kwanza kwa kujificha, baadaye bila kujificha. Kasiani alikuwa mtu mzito kanisani, mbebaji wa msalaba kwenye maandamano. Alimpiga. Hakuacha.

Siku aliyobatizwa, mama yetu alikuwa ameanza kuugua, nami niliteremka kumwambia Melkiori. Kibanda kilikuwa kitupu, wote wako mtoni. Nikasimama kwenye ukingo, mbali nao kidogo. Maji yalikuwa ya masika, mekundu, yana nguvu, na Yeremia alikuwa amesimama ndani mpaka kiunoni na kamba imefungwa mwilini, wanaume wameishika upande wa pili. Walikuwa waangalifu kuliko nilivyotarajia. Veronika aliingia, Yeremia akasema maneno yake, akamlaza chini ya maji, akamwinua. Ni kitambo cha kupumua mara moja. Akatoka akikohoa na kucheka, wanawake wakamfunika kanga.

Nilipata kusema na Melkiori, kisha nikaanza kupanda. Njiani Veronika akanifikia, anakimbia, kanga imemgandama mwilini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelowa wewe."

"Nimelowa, baba. Nakwenda nyumbani nimwambie baba mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu."

Mvua ilikuwa inaanza upya. Nikamwambia, "Ngoja kwanza hasira yake ishuke. Pitia kwangu, mama Stasia akupe nguo kavu."

"Nikingoja nitaogopa," akasema, akaendelea kukimbia.

Asubuhi iliyofuata walimkuta chini, maji yamembana kwenye mizizi ya mti karibu na msitu wa Rau.

Kabla jua halijawa kali, mlima wote ulikuwa umekwisha kujua. Wazamishaji wamemzamisha, hawakumwinua. Mto ulidai mtu. Yeremia ndiye aliyemshika chini mpaka akaacha kurusha miguu. Walikuwapo waliosema waliona. Nikawasikia kwa masikio yangu watu ambao siku ile walikuwa sokoni Moshi wakieleza alivyorusha miguu. Na nikwambie ukweli, Stasia, nilitamani iwe hivyo. Nilikuwa na jani la mama moyoni, na hapa nimeletewa sababu ya kuwachukia ambayo kila mtu angeielewa. Tatizo lilikuwa moja: nilizungumza naye njiani.

Vijana walikusanya nyasi kavu kutoka ndani ya mabanda ya ng'ombe ili wakachome kibanda cha Rau, na waliomo ndani kama wamo. Mangi akapata habari, akatuma askari wake kuwazuia, akaita baraza. Alisema likimshinda atalipeleka kwa Mwingereza, Bwana Shauri wa Moshi.

Kiwanja kilijaa. Yeremia alisimama katikati amefungwa mikono, Melkiori na wengine nyuma yake. Kasiani aliitwa kwanza. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, hakuna aliyeishuku: "Binti yangu alitoka asubuhi kwenda kwa watu hawa. Sikumwona tena mpaka nilipoletewa maiti."

Mangi akauliza kama yuko mtu, asiye wa Kusanyiko, aliyekuwapo mtoni.

Nilikuwa nimesimama karibu na mama. Alikuwa mgonjwa lakini alikuja, ameegemea bega langu. Alijua nilikuwapo, nilikuwa nimemwambia. Nilimwangalia, na nilidhani ataniambia nikae kimya. Watu hawa walikuwa wamemrudishia jani lake. Akauondoa mkono wake begani kwangu, ili nipate kwenda.

Nikatoka mbele. "Mimi nilikuwapo," nikasema. "Nilimwona akiingia majini na nilimwona akitoka. Alinikuta njiani akipanda. Tulisalimiana. Alikwenda nyumbani kwake."

Kelele zilizotokea hapo sijapata kuzisikia tena. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Na huyu wamekwisha kumzamisha!" Mwingine akasema ninamwokoa mdogo wangu. Nikageuka nikawaambia kwamba mdogo wangu simsalimu kwa hiari yangu, na hao wengine wakihama kesho nitawabebea mizigo. "Ninawachukia kuliko nyinyi," nikasema, "lakini msichana alitoka majini mzima."

Kasiani akanyoosha kidole. "Mwongo! Hakufika kwangu!"

Ndipo mama yake Veronika aliposimama. Mwanamke mdogo wa umbo, ambaye miaka yote ya ujirani wetu sikumbuki kama nilimsikia akizungumza mbele ya wanaume. Alisema, "Alifika."

Watu wakageuka kumtazama.

"Alifika," akasema tena. "Baba yake alimfungia mlango. Alimwambia arudi kwa waliomlowesha. Mimi nilipita nyuma nikampa kaniki yangu kavu, akavua kanga ya maji, akaniachia. Nikamwambia alale kwa mjomba wake ng'ambo. Alipita kwenye gogo la kijito, giza lilikuwa limeingia na maji yamejaa." Akawaangalia wale vijana wenye nyasi. "Mlimtoa mtoni amevaa nini? Amevaa kaniki yangu. Nyote mlimwona. Hakuna hata mmoja aliyeuliza."

Kasiani alikaa chini pale pale, kwenye tope. Nilimtazama, na nitakwambia jambo nililojifunza kwa kumtazama, maana katika maisha yangu sikujifunza mengi. Yule mtu hakuwa amepanga kuwaua Wazamishaji. Alikuwa amefunga mlango. Na uongo uliokuwa umezagaa mlimani ukampa mahali pa kujificha, akaingia ndani yake kama mtu anayekimbia mvua. Tangu siku ile, nikisikia habari mbaya mno juu ya watu, hata watu nisiowapenda, huwa najiuliza ni nani aliye ndani ya habari ile, anajikinga na nini.

Mangi akaagiza Yeremia afunguliwe, na vijana wakaambiwa wakazirudishe nyasi kwa ng'ombe. Kibanda hakikuchomwa. Lakini usidhani uongo ulikufa. Watu wakaanza kusema mama Veronika amerogwa ili aseme vile. Miaka imepita, na jana shangazi yako, ambaye alikuwepo barazani, aliyesikia kila neno kwa masikio yake, bado anakuambia ushike pumzi.

Wiki ile ile Yeremia alipanda kuja kwangu, na Melkiori. Wewe ulikuwa unacheza mlangoni. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Mzee, Bwana amekutumia wewe kutuokoa."

"Hakunituma mtu," nikamjibu. "Nilisema nilichokiona. Ningekuona ukimshika chini ningesema hivyo pia, na kwa furaha zaidi."

Akatabasamu tabasamu lao lile la upole, kama vile mimi ni mtoto nitakayeelewa nikikua. Hakuna kitu kinachoniudhi katika dunia hii kama tabasamu lile. Utaliona Masama. Utaliona mpaka ulichoke.

Nikamwambia Melkiori, "Nimekupa ushahidi wangu. Nipe kitu kimoja. Panda hapa kwa mama, pokea jani kabla hajafa."

"Nitakuja kumwona," akasema.

"Jani?"

"Kaka, usiniombe hilo."

Alikuja. Alimlimia. Alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya Moshi, na hapo nawe usikie: wanaosema Wazamishaji hawaendi hospitali hawajui. Wanaomba kwanza, wanaomba mpaka mgonjwa anachoka kusubiri, lakini wanakwenda. Mama alimruhusu ambebe. Hakumwambia neno lolote njia nzima.

Mama alipofariki, Melkiori alichimba kaburi. Watu husema Wazamishaji hawawaziki wafu wao wala wa wengine. Yeye alichimba peke yake, udongo umelowa, akawakataza wote kumsaidia, mpaka mikono ikatoka damu. Kisha Misa ilipoanza akabaki nje, mvua inampiga, kofia mkononi. Hakuingia. Na baada ya maziko Yeremia, ambaye hakuna aliyemwita, akasimama pembeni ya migomba akawaambia waombolezaji: "Mama huyu alikuwa mwema. Lakini wema hautoshi."

Nilimfukuza kwa jembe. Padre mwenyewe ndiye aliyenishika. Melkiori alisimama pale, akasikia yaliyosemwa juu ya mama yake, hakujibu kitu. Tangu siku ile sijaongea naye.

Basi ndilo hilo, mwanangu. Maji yao hayana kitu. Ukitaka kuingia, ingia. Umekwisha kubatizwa, na kulowa mara ya pili hakutakuua. Usiogope mizizi, wala mlango uliofungwa, wala mto. Uogope kujua kwao. Watu hawa wanajua mno. Wanajua nani ameokoka na nani bado. Wanajua kikomo cha huruma ya Mungu kama mtu anavyojua mipaka ya kihamba chake. Na wanajua kwa upole, kwa nyimbo nzuri, kwa kukusaidia kulima, mpaka siku moja unajikuta umenyamaza wakati mama yako anahukumiwa.

Nao wana uongo wao juu yetu, utausikia mezani. Kwamba tunaiabudu sanamu ya Bikira Maria ile ya udongo. Kwamba padre anauza msamaha. Kwamba Mkatoliki akinywa mbege Jumamosi na kutubu Jumapili basi amemaliza. Usichekeane nao kwa ajili ya amani ya nyumba. Waambie ulichokiona hapa: bibi yako akipiga magoti mbele ya Bikira asubuhi za baridi, akijua fika kwamba ni udongo, akizungumza na aliye mbali zaidi ya udongo. Sema mara moja, kwa adabu, kisha endelea kula. Watakaotaka kusikia watasikia.

Utauliza, kama ninawachukia hivi, kwa nini nilikubali. Mama yako ameniuliza pia, na sikumjibu.

Ni kwa sababu ya siku mchumba wako Elia alipokuja kuongea nami, alipokuja peke yake, kabla ya washenga. Alivaa koti lisilo lake. Aliniamkia vizuri, halafu akaharibu, akaniita ndugu yake katika Bwana.

"Mimi si ndugu yako," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa. Nilikuwa nimekusudia kumfukuza. Sikutaka kumsikia akisema juu ya kazi yake wala nyumba aliyojenga. Nilikuwa na swali moja tu, na nilijua jibu lake, maana nilikwisha kulisikia kaburini. Nikamuuliza: "Bibi yake Stasia, mama yangu, hakupita kwenye maji yenu. Alikufa na rozari mkononi. Yuko wapi sasa?"

Nikaona akina Yeremia wote wa dunia wamesimama nyuma ya koti lile, wanamnong'oneza jibu. Alikuwa amefundishwa, ni mwalimu wao, analijua kwa kichwa. Nikangoja lile tabasamu.

Halikuja. Aliangalia mikono yake, akasema polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa na watu wake, "Sijui, baba."

Ndiyo hayo, Stasia. Sikumpenda. Bado simpendi sana. Lakini nilimwambia alete wazee wake.

Nenda naye. Na siku atakaporudi nyumbani kutoka kwenye mkutano wao na kukuambia kwamba sasa amejua, nitumie mtu, saa yoyote. Nitakuja Masama mwenyewe, kwa miguu.

Baba yako,
Aloisi